Je, Peugeot 404 ya 1967 itahimili petroli yenye ethanoli?

Swali: Mimi ni mstaafu, mkazi wa Chumbageni, Tanga. Nina Peugeot 404 ya mwaka 1967, injini ya kabureta. Desemba nataka kwenda nayo Mzuzu, Malawi, kwenye harusi ya mpwa wangu, lakini nimeambiwa petroli ya kule huchanganywa na spiriti. Haitaniulia injini?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Uliyoambiwa ni kweli, kwani Malawi imekuwa ikichanganya petroli na ethanoli inayotokana na molasi ya miwa tangu 1982. Hata hivyo injini yenyewe haina tatizo kubwa. Kinachoweza kukulaza njiani ni mipira ya mafuta.

Mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili ya ethanoli, ambayo huilainisha na kuivimbisha kuanzia ndani, huku nje ikionekana mizima. Vua kipande kinachotoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta, ukipasue kwa wembe kwa urefu wake, kisha upitishe kidole ndani: kidole kikitoka na weusi unaonata, usisafiri nao, kwa sababu petroli inayodondoka karibu na ekzosi ya moto ni gari kuungua. Nunua mipira iliyoandikwa ubavuni SAE J30 R9, na usikubali ile isiyo na maandishi hata ukipunguziwa bei. Diaframu ya pampu (utando wa ndani unaosukuma mafuta) nayo ibadilishwe, iwekwe inayostahimili ethanoli.

Ethanoli pia hung'oa uchafu na kutu vilivyoganda ndani ya tangi kwa miaka mingi, vikaenda kuziba jeti, yaani vitundu vya kupitishia mafuta kwenye kabureta. Safisha tangi kabla ya kuondoka, na ubebe filta mbili za akiba.

Kuhusu nguvu, ethanoli ina oksijeni ndani yake, hivyo injini hupata hewa nyingi kuliko inavyohitajika kwa mafuta yanayoingia. Kwa mchanganyiko wa asilimia 10 hutaona tofauti kubwa, isipokuwa ulaji wa mafuta kuongezeka kwa takribani asilimia 3. Gari likianza kukohoa mlimani au plagi zikitoka nyeupe, mwambie fundi aongeze saizi ya jeti kuu kidogo.

La mwisho ni maji, na hapo sisi wa pwani ndio wenye kazi, kwa kuwa ethanoli hufyonza unyevu wa hewani. Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli hubeba maji yapatayo nusu ya asilimia moja tu, yaani robo lita katika tangi la lita 50. Yakizidi, au usiku ukiwa wa baridi, maji na ethanoli hujitenga na kushuka chini ya tangi, mahali hasa pampu inapovutia. Kwa hiyo ukirudi usiliegeshe gari na mafuta hayo kwa miezi. Yatumie yote, kisha jaza tangi pomoni kwa petroli isiyochanganywa kabla ya kulifunika.