Ustawi wa jamii wamemchukua mtoto: uende mahakama ipi na uombe nini

Pole sana mkuu. Umesema afisa ustawi kamchukua mtoto wa marehemu dada yako na kumpeleka makao ya watoto, na kuna jamaa kakutumia fomu za Kimarekani za "komoni loo" (sheria ya asili ya Kiingereza inayotokana na hukumu za majaji) ukamwambie hakimu wa Mahakama ya Watoto kwamba hana mamlaka juu yako. Nakuomba usiende nazo. Mwaka 2012 huko Alberta, Kanada, Jaji Rooke aliandika hukumu ndefu kwenye kesi ya talaka, akazichambua hoja za aina hiyo na kuzikataa. Hakimu wetu ukimpelekea ataona unakwepa suala la mtoto, na hapo ndipo utakapoumia.

Komoni loo yenyewe hapa Tanzania tunayo, ile iliyokuwepo Uingereza hadi 22 Julai 1920, na sheria zetu zinaitambua. Ila amri zake nzito, za kumbana mtumishi wa serikali, zinatolewa na Mahakama Kuu, na zinapima jambo moja: huyu mtumishi wa serikali alikuwa na mamlaka, na alifuata utaratibu?

Mpwa wangu naye aliwahi kuchukuliwa, na sisi tulianza na barua ya kuomba nakala ya amri ya mahakama iliyotumika kumchukua. Tulipeleka nakala mbili, moja wakabaki nayo, nyingine wakatugongea muhuri wa kupokelewa na tarehe. Muhuri ule ulitusaidia kuliko maneno yote tuliyosema pale ofisini. Jibu lilipokuja lilitaja maslahi ya mtoto na malalamiko ya majirani. Amri haikuwepo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto, kweli, lakini kifungu cha 7 kinakataza kumnyima mtoto haki ya kuishi na wazazi, mlezi au familia yake mpaka mahakama iamue.

Wakili wetu akafungua Mahakama Kuu maombi ya hebeas kopasi, yaani kuomba anayeshikiliwa aletwe mahakamani na anayemshikilia aeleze kwa mamlaka gani. Wengi wanadhani ni ya mahabusu wa polisi tu, kumbe inamhusu yeyote anayeshikiliwa isivyo halali, awe mikononi mwa serikali au mwa mtu binafsi. Jaji hakuuliza habari za nyumba ya bibi aliyekuwa anamlea. Aliuliza: mnamshikilia kwa amri ipi? Wakili wa Serikali akafunua jalada, akarudi kurasa za nyuma, akafunua tena. Mtoto akarudishwa kwa bibi.

Haikuishia hapo. Ofisi ile ilikwenda Mahakama ya Watoto, safari hii kwa utaratibu, na hakimu akatoa amri ya usimamizi: mtoto akae kwa bibi, afisa awe anamtembelea. Amri hiyo haizidi mwaka mmoja. Naiona ilikuwa haki, maana afisa aliyekuja baadaye ndiye aliyegundua kijana alikuwa anatoroka shule. Tulichogombea sisi ni mtoto kutochukuliwa kwa barua ya ofisi.

Kwa hiyo kwanza jua kama amri ipo. Kama ipo, hebeas kopasi haitakufikisha popote; kata rufaa Mahakama Kuu, na wahi, siku za rufaa ni chache. Kama ni uamuzi wa ofisi tu, au wanakunyima wanachotakiwa kukupa kisheria, kuna maombi ya kutengua uamuzi au kumlazimisha afisa atimize wajibu wake. Hayo unaanza kwa kuiomba Mahakama Kuu kibali ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Ukipewa, una siku 14 za kufungua maombi yenyewe. Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aitwe. Na jaji atataka kujua kama kulikuwa na njia nyingine ukaiacha, maana wengi wanakosa kibali hapo.

Hela ya wakili ikigoma, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili yako. Wapo wasaidizi wa kisheria wilayani, na LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) au TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) watakusikiliza.

Kesho peleka barua. Jibu likija lilete hapa tulisome pamoja, ila lifute jina la mtoto kwanza, kesi hizi zinasikilizwa faragha.