Maswali ya Wasomaji: Visima na Mawe Matakatifu ya Ireland

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mtawa mmoja aliyewahi kuishi Ireland alitusimulia kwamba huko vijijini watu hufunga vitambaa kwenye miti iliyo kando ya visima ili kuwaombea wagonjwa. Mimi nilidhani mambo hayo ni ya mizimu yetu ya pwani tu. Je, ni kweli, na kanisa lao linasemaje? – Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam.

JIBU: Marahaba. Ni kweli kabisa. Visima vitakatifu nchini humo hukadiriwa kufikia 3,000, vingi vikiwa na jina la mtakatifu. Mwenye shida hukizunguka kisima kwa kufuata mwendo wa jua huku akisali, hunywa maji au kuyapaka panapouma, kisha hufunga kwenye mti wa miiba kitambaa kilichogusa mwili wa mgonjwa, kwa imani kwamba kadiri kinavyooza ndivyo maradhi yanavyopungua. Anayekifungua hujitwalia ugonjwa huo. Ndiyo maana hakuna anayethubutu kuvigusa.

Upande anaozungukia mtu ndio wenye uzito, na hilo huonekana zaidi kwenye mawe. Maji ya mvua yanayotuama katika mawe yenye vishimo hupakwa kwenye chunjua. Lakini katika kisiwa cha Inishmurray, ambacho wakazi wake wa mwisho walihama mwaka 1948, kuna mawe ya mviringo ambayo mtu aliyedhulumiwa aliyageuza kinyume cha jua ili kulaani, naye akilaani bila haki, laana ilimrudia mwenyewe. Nayaheshimu sana masharti hayo, kwa kuwa yalimlazimu mwenye hasira kujipima kwanza.

Ama kuhusu kanisa, sheria ya mwaka 1704, iliyotungwa na bunge la Waprotestanti, ilipiga marufuku mikusanyiko visimani kwa faini ya shilingi 10 au viboko, na katika karne ya 19 maaskofu wa Kikatoliki nao waliikemea kwa sababu ya ulevi na ugomvi. Watu hawakuacha. Kati ya mwaka 1937 na 1939 wanafunzi wa shule za msingi waliandika masimulizi ya wazee wao, na humo kinarudiwa kisa cha kisima kilichohama baada ya mwanamke kufulia nguo ndani yake. Leo mapadri wenyewe huadhimisha misa kwenye baadhi ya visima hivyo, kama kile cha Tobernalt, Sligo, ambako waumini hukusanyika alfajiri ya Jumapili ya mwisho ya Julai.