Oda za manunuzi zinakwama bosi akisafiri

Ndugu, umesema kila oda ya manunuzi husubiri idhini ya mkurugenzi, na akisafiri kazi inasimama. Kabla hujagusa mipangilio ya programu mnayotumia kupitisha oda, chora kwenye karatasi: nani anaandaa, nani anakagua, nani anaidhinisha. Mkaguzi anatazama kama bei, idadi na bajeti viko sawa. Mwidhinishaji ndiye anayekubali fedha itoke. Usizichanganye kazi hizo mbili.

Halafu weka viwango vya fedha. Oda ndogo ziishie kwa mkuu wa idara, kubwa tu zimfikie mkurugenzi. Akisafiri, mfumo umtambue kaimu wake kwa tarehe maalumu, ili watu wasipeane nywila. Hilo nimeliona kazini na ni hatari kweli: kumbukumbu zinaonyesha bosi kaidhinisha, kumbe hakuigusa oda.

Wengi husahau hili: bei ikibadilishwa baada ya idhini, oda lazima irudi mwanzo. Na mwandaaji asiweze kujiidhinishia, hata awe na cheo gani.

Anza na idara moja, kwa oda za majaribio. Jaribu pia kukataa moja, uone kama inamrudia mwandaaji ikiwa na sababu.