Mkuu, usipunguze mwendo kwenye kamera peke yake. Nililipa mara nne

Mkuu, umeuliza kamera za mwendo wa wastani zinafanyaje kazi, faini inaanzia wapi, na ukiwa na gari la kukodi nani analipa. Halafu mwishoni ukachomekea: "nadhani nikipunguza nikiikaribia kamera, nikishaipita nakanyaga tena." Hapo nikashika kichwa. Usifanye hivyo, ndicho nilichofanya mimi.

Hiyo ni mbinu ya tochi, kile kipima mwendo cha askari wa barabarani. Tochi inakumulika pale ulipo, ukishaipita imekwisha. Hizi kamera za wastani hazina shida na mwendo wako ukiwa mbele yake. Ya kwanza inasoma namba ya gari na kuandika muda hadi sekunde, ya mwisho nayo hivyo hivyo. Umbali kati yao ulishapimwa. Kompyuta inagawa umbali kwa muda, ikizidi kikomo umeandikwa. Breki zako za heshima hazihesabiwi popote.

Kipande changu kilikuwa kilomita 12, kikomo 80. Ukienda 80 unatumia dakika 9 kamili. Mimi nilikuwa naingia na 70 kama bwana harusi, mita 300 hivi, kisha 110 hadi mita 300 za mwisho, narudi 70. Najiona mjanja, naimba kabisa! Baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: dakika 6 na sekunde 44. Wastani 107. Ustaarabu wangu wote pale kwenye nguzo uliniokolea kilomita 3 kwa saa.

Na hapo bado hatujafika panapouma. Tochi ikikupata, askari anakusimamisha unajua siku hiyo hiyo. Hizi zinakuletea bahasha siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo nilipita siku nne mfululizo kwa staili ile ile, kila asubuhi nikijiambia mbona jana sikuguswa. Wiki iliyofuata zikaja bahasha nne. Mke wangu akazipanga mezani kama karata, akaniambia chagua moja.

Aliyenipoteza ni jamaa wa kazini. "Mimi napita pale kila siku, zile ni za majaribio tu." Majaribio gani, Uingereza wanazo tangu 1999! Na kumbe yeye anapita saa za foleni, nyuma ya malori. Hata akitaka kufika 80 hawezi. Mtu anayetambaa kwa 45 ananifundisha kukwepa kamera, na mimi nasikiliza kwa makini. Tucheke tu.

Kuna watakaokuambia ubadilishe njia katikati. Inayosomwa ni namba ya gari, haijalishi umeingia njia ya kulia ukatoka ya kushoto. Wengine watasema ukizidisha mwanzo, fidia mwisho. Kwa hesabu inawezekana: nusu ya kwanza 120, nusu ya pili lazima utambae 60. Lakini vipande vingi vina kamera katikati pia, na kila mbili zinaweza kukupigia hesabu zake. Umefidia wapi hapo?

Sheria yangu ni moja: kuanzia kibao cha kwanza hadi kile cha mwisho wa eneo, mshale wa spidi haupandi juu ya kikomo, hata barabara iwe nyeupe. Gari lenye kruzi kontroli, ile inayoshikilia mwendo yenyewe, iwashe na utoe mguu. Mishale mingi inaonyesha mwendo mkubwa kidogo kuliko ule halisi, na nchi nyingi hukata kidogo kufidia makosa ya kipimo. Hiyo iwe akiba yako, usiende nayo sokoni.

Siku hizi napita pale na 77, walio nyuma wananiwashia taa, nawaacha. Yule jamaa amehamishiwa zamu ya usiku, barabara tupu kabisa. Sijamwambia kitu.