Shangazi, mashosti wanataka twende Nairobi na mimi sina kitu

"Shangazi shikamoo. Tuko mashosti wanne tangu chuo, kila mwaka tunachukua wikiendi moja tunaenda Nairobi kufanya shopingi Eastleigh. Mwaka jana mmoja aliishiwa hela nikamlipia chumba siku mbili na nauli ya kurudi, jumla laki moja na themanini, akasema tukifika tu nakurushia. Mpaka leo kimya, na juzi kapost begi jipya. Safari ya mwaka huu ni mwezi ujao na yeye ndo wa kwanza kuandika kwenye grupu 'nani hayupo?' Mimi tangu Februari sina kazi ila sijawaambia, nawaza nikope laki tano kikoba niende, nirudi na mapazia ya kuuza ili nilipe. Je nimdai mbele ya wenzetu au ninyamaze? Mama Wawili, Arusha."

Marahaba mwanangu. Umeniuliza habari za deni ila mimi nimekwama pale pa "tangu Februari sina kazi ila sijawaambia", yaani umekachomeka katikati ya barua kama mtu anayepitisha kitu forodhani akiomba kisionekane, basi mimi nimekiona.

Hebu jiweke kwenye nafasi yao kidogo. Hao watatu wanajua mshahara wako unaingia kama kawaida, kwa hiyo huyo mwenye begi akikumbuka laki na themanini yako anajisemea aah yule anazo, nitampa tu. Simtetei, alitakiwa alipe wiki ileile na lile begi limenikera hata mimi ambaye sijaliona. Lakini unamkasirikia mtu kwa kutojali shida ambayo umemficha kwa nguvu zako zote, hapo unamuonea kidogo.

Kumdai mbele za watu, hapana. Niliwahi kufanya huo ujinga nikiwa msichana, tuko foleni pale Namanga tunagonga pasi, mtu akatoa noti za kuchenji nikaropoka "kumbe hela unayo, na ile yangu je?" Akanilipa palepale, tena bila kuhesabu. Halafu tukapanda gari, Kajiado ikapita, Kitengela ikapita, hakuna anayeongea, nasikia tu mtu nyuma anatafuna karanga. Kurudi kila mtu alirudi kivyake.

Mtumie meseji yake peke yake, fupi, "Shosti mambo, ile 180,000 ya Nairobi naomba unirushie wiki hii hata nusu, sina kazi tangu Februari na hali imekaza." Usiweke vile vikatuni vya kucheka mwishoni maana ndo vinamfanya mtu aone unatania. Akijibu vizuri sawa, akikuletea maneno utakuwa umemjua, na chumba hutamlipia tena.

Sasa hilo la kikoba na mapazia ndo limeninyima usingizi. Mwanangu, laki tano ya kikoba ina riba na ina siku ya kurejesha, na nusu yake itaishia kwenye nauli, chumba na chipsi kuku kabla hujagusa pazia hata moja. Halafu pale mpakani, ile nafuu ya ushuru kwa wafanyabiashara wadogo, ya mzigo usiozidi dola 2,000, ni ya bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki, na pazia la Uturuki au la China haligeuki kuwa la Kenya eti kwa sababu umelinunulia Eastleigh. Ushuru utalipa, na faida uliyoipigia hesabu kitandani ndo inaishia hapo.

Na biashara haiendi na mashosti jamani. Anayefuata mzigo anaulizia bei ya jumla maduka matano kabla ya saa nne asubuhi, nyie saa nne mtakuwa bado mko duka la kwanza mmoja anajaribu abaya, "hebu nione kwa nyuma, inanibana?" Lile jengo la Garissa Lodge pale Eastleigh unalolijua lilikuwa gesti kweli, Wasomali waliokimbia vita miaka ya 90 mwanzoni ndo waliligeuza soko, mchana chumba ni duka, usiku mzigo unasukumwa chini ya kitanda mtu analala juu yake. Hao walikuwa wanahesabu kila senti. Ukitaka mapazia kweli nenda siku yako, katikati ya wiki, kwa hela ambayo si ya mkopo, na uende ukijua mteja wako wa kwanza ni nani.

Kwa hiyo safari hii usiende. Andika kwenye grupu leo, "jamani kazi iliisha Februari, Nairobi mwaka huu siwezi, ila nani yuko tayari Jumamosi moja twende Moshi tukachambue mtumba pale Memorial, asubuhi twende jioni turudi?" Mashosti wa tangu chuo hao, watakusema kwanza kwa kuwaficha, vumilia, halafu nakuhakikishia mmoja lazima aulize Memorial tunaenda lini.

Na siku ukija kufuata mapazia kwa hela yako niandikie, ya sebuleni kwangu jua limeyala upande mmoja, nataka rangi ya maziwa.