Setingi za skana zinazorudi za mwanzo na picha za zamani zinazotoka nyeusi tii: mimi nilivyopanga zangu

Ndugu wa Kongowea, nimekusoma. Unasema una saiber, una skana ya kioo, unatumia programu ya VueScan kuskani picha na ya NAPS2 kuskani makaratasi, na shida zako ni tatu: kila asubuhi unakuta setingi zimerudi za mwanzo, picha za harusi za zamani zinatoka na weusi uliojaa na weupe uliofutika, na faili za wateja zinakuwa kubwa hata tovuti zinazikataa. Waliotangulia kukujibu wamekwambia ununue skana nyingine. Mimi nasema pesa yako iache mfukoni kwanza. Kazi yangu ni hiyo hiyo, hapa Mji wa Kale, Mombasa, na karibu kila lawama anayotupiwa skana huwa ni ya programu iliyoachwa ijiamulie mambo.

La asubuhi ndilo jepesi. Kompyuta nyingi za saiber zimewekewa Deep Freeze au programu ya aina hiyo, ambayo kila mashine ikizimwa na kuwashwa huirudisha vile ilivyokuwa. Ni kinga nzuri dhidi ya wateja wanaochokora, lakini haichagui. VueScan huandika setingi zake katika faili iitwayo vuescan.ini, na NAPS2 huweka profaili zake, yaani setingi ulizozihifadhi kwa jina, ndani ya folda ya mtumiaji. Vyote vikiwa kwenye diski iliyofungwa, ulichopanga mchana kinafutika ukizima. Muombe fundi aliyekuwekea aondoe kinga kwa muda, panga setingi zako, ifunge programu kwa utaratibu wake, halafu kinga irudi. Na huko kuifunga kwa utaratibu usikudharau, maana VueScan huhifadhi inapofungwa. Stima ikipotea ghafla katikati ya kazi, na sote twajua inavyopotea, hata mashine isiyo na kinga yoyote inaweza kukurudisha ulikotoka.

Ukishamaliza hapo, usiishie na setingi moja ya kila kitu. Kwenye menyu ya File ya VueScan kuna Save options. Mimi nina faili kadhaa nilizozipa majina ya kazi zenyewe: picha-studio, barua-za-zamani, negativu. Nimeziweka diski D, ambayo haijafungwa. Mteja akiingia na albamu, naipakia ya studio, basi. Kijana anayenisaidia hana haja ya kujua kila kitufe ni cha nini.

Sasa hizo picha za harusi, maana hapa ndipo penye kazi. Chukua ile picha ya studio tunayoifahamu sote: bwana harusi amevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, kando yake amesimama bibi aliyevaa buibui jeusi, na pembeni mwa picha pana ukingo mweupe ambao siku hizi umegeuka rangi ya maziwa ya chai. Programu ikiachwa kwenye marekebisho ya kujiendesha, inatafuta sehemu iliyo nyeusi kupita zote na kuifanya nyeusi kabisa, kisha inatafuta iliyo nyeupe kupita zote na kuifanya nyeupe kabisa. Katika picha hii, sehemu hizo mbili ndizo nguo zenyewe. Mikunjo ya buibui inageuka doa moja jeusi, na darizi za kifuani mwa kanzu zinapotea. Halafu mjukuu anakuja kukuuliza, mbona nyanya yake hana mikono?

Nenda kwenye kichupo cha Color. Color balance iondoe kwenye Auto levels, uweke None. Chini yake utaona Black point na White point, zinazopimwa kwa asilimia. White point ikiwa 1, maana yake asilimia moja ya pikseli (vile vidoti vidogo vinavyounda picha) zinazong'aa zaidi zinasukumwa hadi weupe kamili, na hizo pikseli ndizo darizi. Weka zote mbili 0. Picha itatoka imepauka kidogo, na mwenye haraka atasema imeharibika. Haijaharibika, kila kitu kimo ndani. Kuipa nguvu ni kazi ya baadaye, kwenye programu ya kuhariri, kwa jicho lako mwenyewe. Kilichofutwa wakati wa kuskani hakuna programu itakayokirudisha.

Ndiyo sababu picha za aina hii naziskani kwa biti 48, si 24. Kwa biti 24 kila rangi ina ngazi 256 tu kutoka giza hadi mwanga. Kwa biti 48 zinakuwa 65,536. Ukija kuvuta weusi wa buibui ili mikunjo ionekane, kwenye biti 24 utaona mabaka na ngazi ngazi, na kwenye biti 48 weusi unafunguka taratibu. Ila ujue faili ya aina ya JPEG haibebi biti 48. Lazima uhifadhi kwa TIFF, kisha utoe nakala ya JPEG ya kumpa mteja. Ukichagua biti 48 juu na JPEG chini, programu haitagomba, itakupunguzia kimya kimya.

Jambo jingine ni kukata kingo. Auto inapenda kukata ule ukingo mweupe, wakati muhuri wa studio mara nyingi uko hapo hapo au nyuma ya picha. Mimi nachora boksi kwa mkono na kuuacha ukingo wote. Nyuma pakiwa na maandishi, pia napaskani.

Kuhusu dpi, yaani idadi ya nukta kwa kila inchi, watu wa mjini wana ugonjwa wa namba kubwa. Boksi la skana linaandikwa namba za kutisha, lakini nyingi ni za kukisia: programu inabuni pikseli katikati ya pikseli. Inayohesabika ni ile ya lenzi yenyewe. Picha ya karatasi ya inchi 4 kwa 6 ukiiskani kwa dpi 600 inakupa pikseli 2,400 kwa 3,600, yaani TIFF ya MB 26 hivi kwa biti 24, na MB 52 kwa biti 48. Ukipanda hadi 1,200 unazidisha kwa nne, na unachoongeza ni chembechembe za karatasi tu. Negativu ni habari nyingine. Fremu ya milimita 24 kwa 36 ukiipiga kwa dpi 300 utapata kipicha cha pikseli 425 kwa 283, hakifai hata kwa simu. Huko anzia 2,400. Na ile setingi ya kusafisha vumbi kwa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) haina msaada kwenye picha za karatasi, na hata negativu za kawaida za nyeusi na nyeupe huzivuruga, kwa sababu fedha iliyomo kwenye filamu inazuia infraredi sawa na vumbi. Izime.

Rangi za faili ziwe sRGB, ule mpangilio wa rangi wa kawaida. Kuna mtu aliyekushauri Adobe RGB kwa sababu ni pana zaidi. Ni pana kweli, lakini mteja wako atatazama kwenye simu na kuchapisha kwa mtu wa hapa hapa mjini, na faili hiyo ikipita kwenye programu isiyoielewa, ngozi za watu zinapauka. Na ukimtumia kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo inabanwa na kazi yote ya juu imekwenda bure.

Barua na hati kongwe zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hapa Mji wa Kale haziishi kuletwa, usiziskani kabisa kwa ile setingi ya nyeusi na nyeupe tupu. Setingi hiyo inaamua kila pikseli iwe wino au karatasi, hakuna katikati. Wino uliochakaa ukawa hudhurungi unahesabiwa karatasi, na wa kwanza kupotea ni nukta. Herufi be ikipoteza nukta yake haitofautiki na te wala the zilizopoteza zao, na msomaji anabaki kukisia. Skani kwa rangi, dpi 400 au 600, hata kama mteja anasema anataka fotokopi tu.

Makaratasi ya kila siku ni kinyume chake, na hapa ndipo faili zako zinaponenepa. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 ni pikseli 2,480 kwa 3,508, sawa na MB 26 kwa rangi kabla ya kubanwa, na ukiuweka kijivu unashuka hadi theluthi. Katika NAPS2 tengeneza profaili mbili: "cheti", ya rangi kwa dpi 300, na "fomu", ya kijivu kwa dpi 200. Kisha kwenye setingi za Advanced za kila profaili hakikisha ubora wa picha hauzidi 75 hivi kabla ya kuskani. Kurasa za kawaida zitapita kwenye tovuti nyingi. Profaili hizo zina pia Auto Save, ambapo unaweza kuweka tarehe na namba ndani ya jina la faili ili vyeti vya mteja wa leo visifute vya jana. VueScan nayo ina njia yake: weka alama ya kujumlisha mwisho wa jina, kama studio0001+.tif, na namba itapanda yenyewe. NAPS2 inaweza pia kusoma maandishi ya Kiswahili ukipakua lugha yenyewe, ila kwa fomu zilizopigwa mihuri juu ya maandishi usitarajie makubwa.

Ukishaondoa hiyo kinga na kupanga, tuwekee hapa modeli ya skana yako tujue dpi yake halisi. Na kama VueScan yako ni ile ya majaribio inayochora alama juu ya picha, sema mapema, maana alama hiyo hakuna setingi ya kuiondoa isipokuwa leseni.