Ukikosea katikati ya wimbo, usirudi mwanzo

Msikilize mtu anayejifunza gitaa akiwa peke yake chumbani. Anaanza wimbo vizuri, anafika mahali anajikwaa, anasonya, anarudi mwanzo. Anafika palepale, anajikwaa tena, anarudi tena. Nusu saa ikipita, mistari miwili ya kwanza ameirudia mpaka imemchosha, na ile sehemu iliyomshinda ameigusa kwa sekunde chache tu, tena kila mara akiikosea. Kesho atashangaa mbona mwanzo wake mtamu na katikati bado kunamgomea.

Nimepiga gitaa miaka mingi na nimewashika mkono wengi wanaoanza, na huwa nawaambia hivi kabla ya jambo lingine lolote: anzia pale panapokushinda. Ukikaa na wimbo unaoujua, unajiburudisha. Si vibaya, ila usiyaite mazoezi.

Sasa ukipachunguza hapo panapokushinda, mara nyingi utakuta kodi zenyewe, yaani zile sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, unazijua. Kinachokushinda ni kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Chukua kodi ya C kwenda ya F, hapo ambapo wengi huyatundika magitaa yao ukutani yasishuke tena. Kwenye C, kidole cha pete kinabana uzi wa 5 (hesabu kuanzia ule mwembamba kabisa), freti ya 3, yaani nafasi ya tatu kati ya vile vyuma vya shingoni ukitokea kichwani. Kwenye F kamili, ile ya kulaza kidole, cha pete kinabana uzi uleule, freti ileile. Hakiendi popote! Lakini anayeanza hunyanyua mkono mzima hewani, halafu anaanza kuvitafutia vidole vyote vinne pa kutua. Cha pete kiache kilipo. Cha kati kitoke uzi wa 4 kiende wa 3, freti ileile ya 2. Kidole kidogo kije uzi wa 4, freti ya 3. Cha shahada kijilaze freti ya 1. Nenda na urudi hivyo kwa mkono wa kushoto tu, bila kupiga nyuzi, mpaka vidole vizoee njia.

Hicho cha shahada nacho watu hukionea. Wanakikandamiza kana kwamba kinabeba nyuzi zote 6, ilhali uzi wa 5, wa 4 na wa 3 umeshabanwa na wenzake. Kazi yake ni uzi wa 6, wa 2 na wa 1, basi. Kigeuze kidogo kilalie ubavu wake ulioelekea kichwa cha gitaa, kiwe karibu na chuma cha freti, na utashangaa nguvu inayohitajika ilivyo ndogo. Ikigoma bado, pandisha umbo hilohilo hadi freti ya 5. Kule ni rahisi zaidi kwa kawaida, lakini tofauti ikiwa kubwa mno, mpe fundi aangalie kile kipande chenye mifereji ya nyuzi pale kichwani. Kikiwa kimeinua nyuzi juu kupita kiasi, freti ya 1 ni adhabu hata kwa bingwa.

Kuhusu kasi, kila mtu ameshaambiwa apige polepole na karibu kila mtu anapiga haraka. Weka metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, iwe mapigo 60 kwa dakika, kila kodi mapigo 4. Ukikosea, shuka hadi 50, hadi 40. Kasi yako ni ile unayoweza kuhamia F mara kadhaa mfululizo bila kusitasita. Ikishakaa, ongeza kipande kinachotangulia na kinachofuata, ndipo uurudie wimbo mzima.

Kuna namba ya saa 10,000, eti ndizo za mazoezi zinazomfanya mtu bingwa, ambayo imewavunja moyo wengi. Ilitokana na utafiti ambao mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake waliuchapisha mwaka 1993 kuhusu wapiga fidla wa chuo cha muziki Berlin. Waliokuwa bora kabisa walikadiriwa kufikisha wastani wa saa hizo za mazoezi ya peke yao walipotimiza miaka 20. Watu wakaigeuza nauli, kwamba ukishailipa utafika. Ule ulikuwa wastani tu, na baadhi ya mabingwa hao hawakuwa wamefikisha. Mimi kilichonivutia zaidi kwenye utafiti huo ni kwamba vijana wale walifanya mazoezi kwa vipindi vyenye mapumziko, na walikuwa na kawaida ya kulala mchana.

Jirekodi kwa simu. Ukiwa unapiga, akili iko kwenye vidole na sikio linakudanganya. Sikiliza kesho yake, utajua ukweli. Wala usizifute rekodi za zamani. Sikio hukomaa haraka kuliko mikono, kwa hiyo kuna vipindi utajiona unarudi nyuma kumbe umeanza tu kusikia makosa ambayo yalikuwepo siku zote. Rekodi ya miezi sita iliyopita itakuamulia kesi hiyo.

Ncha za vidole zitauma, hiyo ni kawaida, na sugu zikiota maumivu yanaisha. Ya kifundo cha mkono ni habari nyingine. Yakianza, weka gitaa chini siku hiyo, na yakirudi kila ukilishika, mwone daktari kabla ya kumwona mwalimu.